Sungura Aliyeacha Kunya

Sikiliza, wewe unayefuga sungura. Juzi, kule Katoyi, mtoto mmoja alinionyesha kizimba kisicho na hata punje ya mavi, akajisifu. Nilichoka moyo.

Nilipokuwa mtoto kama yeye, volkano ilitukimbiza hadi kwa shangazi, nguo zetu zikinuka moshi. Majani yalijaa majivu, hivyo sungura wangu nilimlisha bugali tu, yaani ugali bila jani lolote.

“Mugeni wako ananijazia mavi nyumbani,” shangazi alinung'unika.

Mchana wa tatu nilikuta kizimba kisafi, nikafurahi.

“Mama, amejua adabu.”

Mama alimpapasa tumbo. Lilikuwa gumu kama jiwe.

“Si adabu, mwanangu. Tumbo limefunga.”

Sungura alikufa kabla ya jioni.

Kila asubuhi tazama mavi ya sungura wako. Yakikosekana, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.