Siku ya Kipaimara Nyuma ya Schuman

Nilitaka kumwaibisha yule binti mbele ya watu, na sitajifanya kwamba nilikuwa na nia nyingine. Watu wakisimulia maisha yao hupenda kujisafisha. Mimi nilikuwa na hasira, nikaitunza wiki tano nzima, na siku ilipofika nikaitumia.

Nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa familia ya Waairishi, mtaa wa nyuma ya mzunguko wa Schuman, Brussels. Baba na mama wote walikuwa na ajira kwenye zile ofisi za Umoja wa Ulaya. Nilianza binti yao akiwa na miaka kumi. Nilimchukua shuleni, nikampikia, nikakaa naye wiki mbili alipougua tetekuwanga. Wote waliniita dada, neno nililowafundisha mwenyewe siku ya kwanza, maana kwetu Morogoro ndivyo anavyoitwa msichana wa kazi. Kwa mama yangu tulikuwa na dada wa kazi pia. Alikula jikoni, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mpaka nilipofika Ubelgiji nikawa mimi wa kula jikoni.

Jumatano shule za Brussels hufungwa mchana. Basi kila Jumatano meza ya jikoni ilijaa wasichana wa Kiairishi, wanne au watano, wakila mkate wa kuchoma na kuongea mambo ya kwao kana kwamba mimi ni friji. Ireland, walisema, haina matabaka. Matabaka ni ugonjwa wa Waingereza. Kwao kila mtu babu yake alilima viazi, kwa hiyo hakuna wa kumdharau mwenzake. Wakishamaliza kusema hayo, wanaanza kuulizana. Akitajwa kijana fulani, swali la kwanza ni alisoma shule gani. La pili, kwao ni kusini mwa Dublin au kaskazini. Kusini, upande wa baharini, sawa. Kaskazini, wanatazamana, halafu mmoja anaigiza lafudhi ya kule na wenzake wanacheka mpaka chai inawapalia. Shule ikiwa inacheza raga, heshima. Meno yakiwa hayakunyooshwa kwa waya, pole yake na wazazi wake.

Benki za kwao zilikuwa zimeanguka miaka ile, na wazazi wa wawili kati yao walikuwa wamekwama na fleti za Bulgaria walizonunua bila hata kwenda kuziangalia. Hata umaskini mpya waliupanga kwa vyeo. Aliyekuwa na mali tangu enzi za babu akifilisika, ni msiba. Aliyezipata juzi akifilisika, ni kichekesho: si alijifanya, sasa ameona. Mmoja alisema kwamba yeye pesa hazimsumbui kabisa, na nilimwamini, maana hazijawahi kumsumbua mtu asiyezikosa. Nilikuwa napiga pasi. Nikasema moyoni, haya, endeleeni.

Jumatano moja binti yetu aliwaambia wenzake kwamba wazazi wa baba yake walishafariki wote wawili. Babu kweli alikuwa amefariki. Bibi nilikuwa nimeongea naye kwa simu saa moja kabla.

Yule bibi alikuwa anapiga simu mchana, wakati anajua mwanawe na mkwewe wako kazini. Aliniambia anaogopa kuwasumbua. Alikuwa amefanya usafi kwenye shule ya msingi kaskazini mwa Dublin miaka thelathini, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya halmashauri, zile za kupangishwa wenye kipato kidogo, na ile lafudhi waliyokuwa wakiiigiza wale wasichana ndiyo yake. Mwanzoni sikumwelewa hata nusu. Baadaye nilimwelewa kuliko mtu yeyote mle ndani. Aliniuliza mtoto anakula, mtoto amekua, sweta limemtosha. Kila siku ya kuzaliwa alimfumia sweta, na kila mwaka sweta liliishia kwenye kapu la nguo za msaada, na mimi nikamwambia bibi kwamba limemkaa vizuri sana. Familia ikienda Dublin kiangazi walikaa kwa wazazi wa mama, kusini, na bibi akapelekewa mtoto mchana mmoja tu.

Sasa, kipaimara. Parokia yetu ilisali Kiingereza, ikawa imechanganya Waairishi, Wafilipino na sisi wa Afrika Mashariki. Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Kwenye mafundisho ya maandalizi padre aliwapa vijana mada ya kujadili, tabaka na pesa katika jamii zao, na mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi nikipanga vikombe. Vijana wakasema yale yale ya jikoni, kwa lugha ya kanisani. Kisha binti akasimama. Akasema nyumbani kwao mfanyakazi si mfanyakazi, ni ndugu, na ndiyo maana amemchagua dada yake kuwa msimamizi wake wa kipaimara. Akanionyesha kwa mkono. Watu wakageuka, wakapiga makofi. Nilisimama na vikombe vyangu, machozi yananitoka, mjinga mimi.

Kwetu msimamizi si mtu wa kukuwekea mkono begani dakika tano. Ni mzazi. Ukitaka kuolewa anaulizwa, ukiumwa anakuja. Nilimpigia mama simu Morogoro, naye akawaambia jumuiya nzima, wakasali rozari wakimwombea mtoto wa Kizungu wa binti yao. Nikaenda Matongé, mtaa wa maduka ya Waafrika, nikanunua kitenge cha samawati, nikampa fundi. Mtoto wa kumzaa mwenyewe sikuwa naye. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na nilijua sitampata.

Wiki tano kabla ya siku yenyewe, binti alikaa jikoni akimenya chungwa. Akasema bila kuinua macho, "Dada, mjomba anakuja kutoka Dublin. Nimeona afadhali asimame yeye."

Mjomba ni kaka wa mama yake, wakili. Nilimwuliza kama ni mama amesema.

"Hapana, ni mimi. Marafiki wanakuja na wazazi wao, kutakuwa na picha. Na wewe utakuwa na shughuli ya chakula. Zile sambusa zako kila mtu anazipenda." Akanitazama. "Hujakasirika, dada?"

Nikasema hapana. Nikafuta meza. Ndani yangu nilikuwa nawaka, na nilijua siku ya kipaimara yenyewe nitamlipa. Angeniambia mama yake, ningesema sawa, watu wazima na mambo yao. Lakini mtoto niliyemkanda kifua kwa mafuta, akapima mwenyewe, akaona mimi nafaa kwa hotuba ila sifai kwa picha?

Rafiki yangu wa Lubumbashi, tuliyekaa naye jengo moja Saint-Gilles, nilipomweleza alicheka kwa uchungu. "Maman, ile njo famille ya benyewe. Weye uko muntu wa kazi, donc baki pa nafasi yako. Tumika kazi, kula makuta yako, bon, basi."

Yaani nifanye kazi, nile pesa yangu, yaishe. Sikumsikiliza. Mchana uliofuata bibi alipopiga simu, aliniuliza kipaimara kitakuwa lini. Mwanawe alikuwa amemwambia ni kitu kidogo cha shule, hakuna wageni. Nikamwambia tarehe. Nikamwambia wageni ni arobaini.

Kisha akauliza, "Mwanangu amesema nije?"

Ningeweza kusema ukweli. Nilijibu, "Ndiyo. Amesema uje, ila usimpigie. Wanataka iwe mshangao kwa mtoto."

Alilia kwenye simu. Alilia na kucheka, akasema alijua tu, alijua mwanawe hawezi kumsahau siku kama ile. Mimi nikamsubiri amalize, nikamwambia ndege ya bei nafuu inatua Charleroi na basi litamleta mpaka stesheni ya Gare du Midi, nitampokea. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani. Wale wasichana wa jikoni wataona marehemu akiingia na lafudhi yake. Mjomba wakili ataona. Binti atataka ardhi ipasuke.

Alifika Jumamosi mchana. Mwanamke mfupi, koti jipya, nywele zimetengenezwa saluni siku ile ile. Kwenye sanduku alikuwa na soseji za kwao, amezifunga kwa magazeti matatu, kwa kuwa mwanawe alizipenda utotoni. Tulikunywa chai kwangu. Akaniuliza kama viatu vyake vinafaa kwa kanisa la huku, maana hataki kumwaibisha mtoto. Nikamwambia vinafaa. Nilimpenda yule mama, na bado nilimpeleka.

Jumapili tulikaa kiti cha nyuma kabisa. Bibi alinyoosha shingo kumwona mjukuu wake, na mjomba akiwa amemwekea mkono begani, mkono mweupe wenye saa ya dhahabu. Kabla ya baraka ya mwisho ilinibidi niondoke kwenda kukaanga. Bibi akataka kubaki, nikamwambia aje nami ili mshangao uwe nyumbani. Nilikuwa na ufunguo.

Jikoni alivua koti, akakunja mikono, akaanza kuosha vyombo. Nilimkataza, akasema hawezi kukaa bure. Wageni wakaanza kuingia, sauti zikajaa sebuleni na bustanini. Nikasikia baba akifungua mvinyo.

Binti aliingia jikoni na wenzake watatu kutafuta barafu. Bibi akageuka, mikono imelowa, akaitanua. Akamwita kwa jina alilompa utotoni.

Binti alisimama pale pale. Mmoja wa wenzake akauliza kwa upole, "Huyu ni nani?"

"Amekuja na dada yetu," binti akasema. "Kusaidia kazi."

Wakachukua barafu wakatoka. Bibi alishusha mikono, akaifuta kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Nilidhani atalia. Akavaa koti lake tena, akachukua sinia la sambusa.

"Nipe, nizipeleke," akasema. "Ni mtoto, wenzake walikuwepo. Mwache."

"Simwachi."

"Mwache, nakuomba. Baba yake ataweka sawa. Si ndiye aliyeniita?"

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza milele. Nilikuwa na wiki tano za hasira kifuani na binti alikuwa ameniletea sababu kubwa kuliko niliyokuwa nayo. Nilimpokonya sinia, nikaliweka, nikamshika mkono nikamvuta hadi sebuleni, katikati ya wale watu na glasi zao. Nilipaza sauti. Kiingereza changu siku hiyo kilitoka kimenyooka.

Nikasema, "Samahani jamani. Binti yetu amesahau kuwatambulishia mgeni. Huyu ni bibi yake, mama mzazi wa baba yake. Yuko hai. Alisafisha vyoo vya shule miaka thelathini kaskazini mwa Dublin ili mwanawe asome. Amesafiri kuja kumwona mjukuu, na mjukuu amewaambia wenzake ni mtu wa kusaidia kazi."

Wale wasichana wa mkate wa kuchoma walimtazama binti, na binti akaficha uso kwa viganja. Nilimwona, na sitadanganya, nilifurahi. Ilikuwa furaha tamu kabisa, ya mwili mzima. Nilimwona mjomba akiangalia zulia. Nilimwona mama wa binti akimgeukia mumewe. Nilisema moyoni, haya sasa, pigeni picha.

Mama wa binti akauliza, si kwa ukali, kwa mshangao tu, "Ulimwalika bila kuniambia?"

Baba alikuwa ameshika chupa. Alikuwa mtu mpole, muoga, hakuwa na akili ya kudanganya haraka. Alimtazama mama yake na koti lake alilokuwa amelivaa tena ili aonekane nadhifu mbele za watu.

"Hapana," akasema. "Mimi sikumwalika."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimepanga nani atakaa wapi, nani atasikia nini, binti atalia vipi. Kwamba mtu mmoja angeuliza swali moja la kawaida na mtu mwingine akajibu kweli, halikunijia hata mara moja katika wiki tano.

Bibi hakumtazama mwanawe. Hakumtazama binti. Alinigeukia mimi, mkono wake bado ukiwa ndani ya wangu, akasema polepole kwa sauti ile ile ya simu za mchana, "Lakini wewe uliniambia ameniita."