Dawa ya Bwawa la Wifi

Kaka yangu ni mdogo kwangu, nimemfuta kamasi, kwa hiyo nina haki ya kusema: ni mjinga aliyevaa vizuri. Alikuwa bwana afya wa manispaa mpaka alipostaafu, na tangu hapo amekuwa bwana afya wa nyumbani kwake, ambako hakuna aliyemwajiri. Hupitisha kidole juu ya kabati. Hunusa vikombe. Akija kwangu hufunua sufuria kabla hajanisalimia, nami humwacha afunue, mvuke umchome pua.

Tunapakana. Kati ya uwa wangu na wake kuna ukuta mfupi wa matofali, na nikisimama kwenye mlango wa jikoni naona yote, sihitaji kusimuliwa. Nililopenda kutazama ni bwawa la wifi yangu, mkewe. Alilichimbisha karibu na karo ya kufulia, mwaka ule binti yao alipoolewa na nyumba ikabaki na sauti moja tu, ya kaka yangu. Akalipiga saruji, akapanda mayungiyungi, akaleta samaki wadogo wekundu. Yule mnene kuliko wote alimwita Wifi, eti kwa heshima yangu. Nilinuna kidogo, kisha nikazoea.

Kila asubuhi alikaa pale na chai yake. Aliokota majani makavu kabla hayajazama na kuoza. Ule utando wa kijani aliuzungusha kwenye kijiti mpaka ukajiviringa kama uzi, akauvuta nje. Chakula cha samaki alikitupa kwa ncha za vidole. Maji ya bomba hakuyatia moja kwa moja, aliyaacha kwanza kwenye pipa lililo wazi mpaka harufu ya dawa iishe. Na kijani hakukimaliza chote.

"Kidogo tuwaachie," alikuwa akisema. "Nao si wanaishi humo?"

Maneno hayo yalimkera kaka yangu kuliko matusi.

"Ukoga huo!" alifoka. "Mtu mzima unafuga ukoga nyuma ya nyumba ya bwana afya!"

"Ukoga uko kwenye meno yako, Mzee. Huu ni mwani."

Cha kuchekesha ni kwamba nusu ya mwani huo aliulea kaka yangu mwenyewe. Akipata wageni aliwapeleka bwawani kujigamba, akamwaga mkate mzima uliomegwamegwa ili samaki waibuke. Mkate uliobaki ulizama, ukaoza, maji yakawa mazito na ya kijani. Hapo hushika kiuno na kuuliza uchafu umetoka wapi. Wifi alimweleza. Nami nilimweleza, kwa sauti, juu ya ukuta. Nadhani ukuta ulielewa.

Siku moja wifi alimkuta anatoka stoo na kopo la ile dawa nyeupe ya unga, waliyokuwa wakitia visimani enzi za kazi yake.

"Mzee, hiyo itawaua."

"Hii? Mji mzima unainywa! Dawa itamuua nani?"

"Dawa ya panya nayo si dawa?"

Akacheka. Wifi hakucheka. Nilikuwa naanika nguo, nikamsikia akisema taratibu, "Nimekuvumilia kidole chako kwenye kabati, nimekuvumilia kunusa vikombe. Nyumba yote ni yako. Kona hii ni yangu. Ukiua samaki wangu, naenda kwa binti yangu na sirudi."

"Kwa ajili ya visamaki?"

"Usinijaribu."

Mwenye akili angelitupa kopo lile siku ileile. Kaka yangu alilirudisha stoo.

Binti yao akajifungua, wifi akaenda kumlea kwa muda mfupi. Chakula cha samaki aliniachia mimi, si mumewe, na hilo lilimchoma bwana mkubwa. Isitoshe, wenzake wa zamani wa ofisini walikuwa wanakuja Jumapili. Jumamosi nikaenda sokoni. Niliporudi nilimkuta uwani kwake na buti za mpira, mikono ya shati ameikunja, anatabasamu.

"Dada, njoo uone maajabu!"

Harufu ya ile dawa ilinifikia kabla sijaufikia ukuta. Samaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wengine wameshalala ubavu. Niliparamia ule ukuta kwa umri wangu huu, gauni likachanika, nikawa nawachota kwa chujio na kuwatia kwenye pipa. Haikusaidia. Mnene wangu alinifia kiganjani. Nililia, sioni haya kusema.

"Huenda walikuwa wagonjwa," alisema kaka yangu.

"Wote? Kwa mara moja?"

"Magonjwa ya kuambukiza yapo, dada."

Akawakusanya kwenye mfuko, akawatupa jalalani, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Jumapili wenzake walisimama pale wakasifia maji yalivyokuwa meupe, chini kabisa kunaonekana. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama bwawa lile lilikuwa la kitu gani.

Wifi aliporudi alipitia uwani kwanza, begi bado mkononi. Akatazama maji. Kaka yangu akaanza kueleza habari za joto la mwaka huu. Wifi aligeuka na begi lake lilelile, akatoka getini, nami nikamkimbilia hadi barabarani.

"Nilimwambia," alisema, basi.

Mvua zikaja, zikapita. Bwawa likarudi kuwa kijani kuliko zamani, na kwa kuwa hapakuwa na samaki wa kuvila, viluwiluwi vya mbu vikajaa tele. Bwana afya anafuga mbu! Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikaona aibu. Kisha kaka yangu akasikia naenda kumwona mjukuu wake, akanifuata ukutani, amenyongʼonyea, hajanyoa ndevu.

"Dada, ukimwona wifi yako, kuna kitu nataka umuulize."

Moyo wangu ukalainika. Nilijiambia, afadhali, hata jiwe hupata siku yake ya kulowa.

Wifi alinipokea mlangoni, mjukuu begani. Nilipomwambia nina ujumbe wa mumewe, alimlaza mtoto, akasimama mbele yangu, akajifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji.

"Anasemaje?"

"Anauliza ulikuwa unafanyaje kuuondoa ule mwani."

"Na lingine?"

"Hakusema lingine."

Akakaa.

"Mwambie alifukie bwawa," akasema.