Kaskazini ya Cherehani

Nilimpimia jirani yangu chumba cha kuswalia kielekee Makka, kikaelekea Njombe. Nalisema mapema ili msije mkalisikia kwa watu. Njombe tunafuata viazi. Sijasikia aliyefuata kibla.

Jirani huyu ni fundi wa kushona hapa Bombambili, Myao wa Mbesa, na mimi Mngoni, basi tunaitana mtani na hakuna anayemhurumia mwenzake. Mwaka huo alikuwa anamjengea mama yake chumba kidogo uani. Macho ya mama yalikuwa yamezimika kabisa. Jirani alitaka jambo moja tu: ukuta wa mbele ukae sawasawa na kibla, ili mama akinyoosha mkono akaugusa, ajue ameelekea Makka bila kuuliza mtu.

"Wewe si ulisoma fizikia?" aliniuliza. "Njoo na simu yako."

Mtu ambaye safari yake ndefu ni kutoka kitandani hadi barazani, leo anaulizwa kaskazini iko wapi! Nilivimba kichwa. Msikitini walikuwa wamemwambia kwamba kutoka kwetu kibla ni kaskazini, unachepuka kidogo tu kulia. Nikafungua dira ya simu, na kwa kuwa mkononi haikutaka kutulia, nikaiweka simu juu ya cherehani pale barazani, itulie. Ikatulia kweli. Nikanyoosha kidole, fundi wa kujenga akapigilia vigingi na kuvuta kamba, na hadi jioni msingi ulikuwa umechimbwa. Ilikuwa Novemba, mawingu ya mvua za kwanza yamefunika anga, hakuna aliyeliona jua akanisuta.

Asubuhi mawingu yakafunguka. Jirani akaniita kutoka uani kwake.

"Mtani! Njoo usimame hapa."

Nikasimama ndani ya msingi, nikatazama mbele.

"Jua liko wapi?"

"Kisogoni."

"Ukielekea kaskazini asubuhi, jua linakupiga wapi?"

"Sikio la kulia," nikasema, kwa sauti ndogo.

"Na matofali yanapangwa leo. Mama yangu hana macho ya kukukosoa."

Hapo utani uliniishia. Nilirudi kuchukua simu, nikawa naisogeza karibu na cherehani, naiondoa, naisogeza tena. Kila ikikaribia kile chuma kizito, dira ilikimbilia kushoto kama mbuzi aliyeona shamba la mahindi. Ndipo nikamkumbuka mwalimu wetu wa fizikia, aliyechora duara ubaoni na kipande cha sumaku katikati. Mimi nilikuwa nachora bao la mpira kwenye daftari. Alikuwa akitueleza kwamba dunia yenyewe ni sumaku: ndani kabisa kuna chuma kilichoyeyuka, kinatembea, na kutembea kwake ndiko kunakozaa nguvu inayogeuza sindano ya dira. Ila ikifika huku juu nguvu hiyo ni nyonge. Chuma cha cherehani kikiwa karibu, sindano inamsikiliza jirani kabla ya dunia.

Safari hii sikuiamini simu peke yake. Nilitoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, nikaomba sindano kwa jirani, nikaisugua upande mmoja tu mara nyingi, nikailaza juu ya jani kavu ndani ya beseni la plastiki lenye maji. Jembe nikalifukuza, sepeto nikalifukuza, na fundi aliyekuwa na nyundo kiunoni nikamwambia akae kule kwenye migomba.

Jani likazunguka polepole, likasimama. Nikalisukuma kwa kidole, likarudi palepale. Mara tatu. Jirani akainama, akasahau kunicheka.

"Nani analivuta?"

"Dunia."

"Haya. Na jua?"

Jua lilikuwa sikio la kulia. Tukachepuka kidogo kama msikiti ulivyosema, kamba zikavutwa upya. Fundi akanikabidhi jembe, nikachimba msingi wa pili mwenyewe. Mgongo ulinikumbusha wiki nzima.

Chumba kilipoisha, mama akaletwa kutoka Mbesa. Nilienda kumsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye huyu wa Njombe?"

Alicheka, kisha akaenda taratibu, mkono mbele, hadi kiganja kikaugusa ukuta. Akausugua kidogo kama anayepima kitambaa, akatandikiwa mswala, akaanza kuswali bila kumuuliza mtu. Sisi tukatoka tukaketi barazani, nami nimeridhika mpaka nikajisahau. Nikamweleza jirani kwamba ncha ya kaskazini ya sumaku haikai mahali pamoja, inahama mwaka hata mwaka, kwa hiyo labda siku moja nije nipime tena.

Hakuinua macho kwenye cherehani. Alisema:

"Ncha yako ihame itakako, mtani, Makka haijahama, na ukuta wa mama yangu huusogelei na simu tena."