Nzige wa Vinyonga

Memsahibu niliyemfanyia kazi pale Same, enzi za Mwingereza, alikuwa na mapenzi ya ajabu: alifuga vinyonga. Watano, kwenye kizimba cha wavu barazani. Mimi ndiye niliyewakamatia panzi, na wenzangu wa jikoni hawakuishiwa kicheko. "Yaya wa vinyonga huyo!" Mlimani kwetu Vudee kinyonga ni mkosi, nikipanda kumwona mwanangu, mama yangu hakuniruhusu kumshika mpaka ninawe kwa majivu hadi viwikoni.

Kazi yenyewe ilikuwa na masharti. Panzi wa leo haliwi leo. Nilitakiwa niwalaze kwenye debe lenye matundu pamoja na majani mabichi, asubuhi nimguse mmoja mmoja. Anayeruka na kung'ang'ania kidole, mpe kinyonga. Anayelegea, tupa. Nilikuwa nasonya tu. Mdudu apimwe afya, na sisi je?

Mwaka huo nzige walitua, wakala shamba lote la mama, mahindi na maharage, wakabakiza vijiti. Serikali ikamwaga pumba zenye sumu, mbali kule mbugani, ndivyo tulivyoambiwa. Mama akashuka Same, tukajaza kapu la nzige vichakani, akapanda nalo jioni. Alikuwa na furaha, maskini. Angalau mjukuu wake angekula. Mimi nikajaza debe langu.

Asubuhi nikafunua. Nusu walikuwa chali, wamekufa. Waliobaki miguu inatetemeka. Mume wa memsahibu akachungulia begani kwangu.

"Hawa wamekula pumba. Tupa wote."

Mungu wangu! Nzige ana mabawa. Nani alituambia atabaki mbugani?

Sikuaga. Nilipanda ule mlima peku, naanguka na kuinuka, najiambia: mama naye huwalaza nzige kapuni wasafike tumbo kabla ya kuwakaanga, atawaona wamekufa, atawamwaga. Atawamwaga tu. Nilishikilia neno hilo njia nzima.

Nilimkuta jikoni, kapu miguuni pake.

"Shikamoo, mama. Nzige wako wapi?"

"Marahaba. Mbona unahema hivyo? Wengine walikufa usiku, nikamkaangia mwanao hao kwanza, wasije wakaoza. Wazima nimetuwekea sisi."

Mtoto alikuwa kwenye mkeka, amejikunja, ameshika tumbo. Nilimtia vidole kooni, nikamnywesha maziwa ya kuomba kwa jirani, nikamwita, nikalia. Jua halijatua alikuwa ameshaniacha. Mama alibaki anauliza tu, "Nimefanya nini? Nimefanya nini jamani?"

Baada ya matanga nilishuka kuchukua nguo zangu. Memsahibu alinishika mkono akanipeleka kizimbani, uso unamng'aa.

"Wote watano wazima," alisema. "Umewaponya wewe."