Kitabu Tulichombandikia Atieno

Sisi tuliokulia mtaa wa Jericho, Nairobi, miaka ya tisini hatukutupa karatasi. Pakiti ya unga, mfuko wa simiti, gazeti lililofungia nyama, zote zilikuwa mali, maana tulitengeneza vitabu. Dada yangu Nekesa ndiye aliyekuwa fundi. Alikata mifuko ya simiti, akaipanga kurasa, akazishona kwa uzi wa gunia. Kazi yangu ilikuwa kupika gundi ya unga wa ngano, na kuungua vidole. Picha tulizikata magazetini. Mawingu yetu yote yalitoka kwenye matangazo ya sabuni.

Kitabu kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Atieno, rafiki yetu wa mlango wa pili. Baba yake alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, na Jumamosi familia ingehamia Siaya, mbali magharibi.

"Hawezi kwenda hivi hivi," Nekesa akasema. "Tutambandikia mtaa wote aende nao."

Basi tukaunda nyumba kwa kadibodi, nguo za kwenye kamba kwa vitambaa vya soko la Gikomba, kioski cha Mama Shiru kwa karatasi za peremende, na uwanja wetu wa kuchezea kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwa pakiti za majani chai.

Ijumaa tukaanika kurasa juani, tukaingia kunywa chai. Kutoka, tukamkuta mbuzi wa jirani amekula uwanja mzima na sasa anamalizia kioski! Nekesa akaangua kilio. Mama alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema, "Nyamazeni. Leteni ile kalenda ya ukutani."

"Lakini Mama, mwaka haujaisha!"

"Tarehe tutauliza majirani."

Akashika makasi mwenyewe, na mashamba ya chai ya kwenye kalenda yakawa uwanja, mzuri kuliko ule wa kwanza.

Asubuhi lori lilipopakiwa, mamake Atieno alitaka kukifunga kitabu pamoja na masufuria. Atieno akakataa katakata. Alipanda mbele, akakifungua magotini, akaanza kumwonyesha dereva: "Hapa ndio kwetu. Hapa ndio tunachezea kati." Lori likaondoka yeye bado anaeleza, hata kupunga mkono akasahau.

Siku hizi watoto wangu, rafiki akihama, wanaambiana "tutachat", wamemaliza. Sikatai, ujumbe wa simu hufika Siaya kabla lori halijawashwa. Lakini waulize mlango wa huyo rafiki ulikuwa rangi gani, watatazamana. Wa kina Atieno ulikuwa wa bluu, umechubuka karibu na kitasa.