Hodi kwa Gogo

Mtaani kwetu hakuna aliyehitaji saa ya kengele. Baba mkubwa, kaka yake baba yangu, alipasua kuni uani kwake kila kulipokucha, na sauti ya shoka lake ilipita juu ya kuta, ikaingia madirishani na kutukuta chini ya mashuka. Majirani walimwita Jogoo. Watoto waliochelewa shuleni walisingizia kwamba Jogoo hakuwika, na bahati mbaya mwalimu wetu naye alikaa mtaa uleule.

Kuni zake zilikwenda kwenye tanuri la mkate la hapo kona. Magogo aliyachukua popote mti ulipoangushwa: uwanja wa shule, nyuma ya zahanati, ubavuni mwa ua wa mtu anayeongeza chumba. Miti ya mjini, alisema, inakaa na watu, kwa hiyo inameza mambo ya watu. Misumari, nyaya, kulabu za kamba za nguo. Ndiyo maana kabla ya kulipasua gogo aligeuza shoka, akaligonga kwa kisogo chake, akatega sikio. Gogo zima lilijibu kwa mlio mmoja mkavu. Lenye pango lilijibu kama ngoma. Lenye chuma tumboni, alisema, husita kidogo kabla ya kujibu. Mimi nimegonga magogo mengi katika utoto wangu na sijawahi kusikia huko kusita.

Gogo la kwanza la asubuhi lilikuwa na heshima yake. Aliligonga, akaita, "Hodi!" Na kutoka jikoni Mama mkubwa, mkewe, akaitika, "Karibu!" kisha akateleka chai. Sijui mzaha huo ulianza lini. Nilipopata akili niliukuta, kama nilivyoikuta nyumba yenyewe, na kama nyumba nilidhani ulikuwepo siku zote.

Halafu bega la kulia la Baba mkubwa likachoka. Daktari alimwambia shoka basi. Alimwitikia kwa adabu zote, akarudi nyumbani, akashika shoka. Pigo la pili mpini ulimponyoka, shoka likaruka na kutua kwenye beseni la nguo. Mama mkubwa alilitoa katikati ya foronya, akalifuta, akalifungia kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Rundo la kuni lilipofika usawa wa goti, mwokaji alikuja mwenyewe, unga ungali kwenye nyusi zake. Yeye na Baba mkubwa walikuwa watani tangu ujana.

"Jogoo, mimi ni ndugu yako, lakini tanuri halijui undugu. Kuni zikikatika, naweka la gesi. Jamaa wa gesi wamenipigia simu mpaka nimejua wana watoto wangapi."

"Weka. Mkate wako utanuka kama kiberiti."

"Utanuka, lakini utaiva. Na wewe utafanya nini?"

Baba mkubwa alitazama rundo. Mtu huyu, ukimuuliza habari zake, alikuonyesha kuni. Mimi, Mama mkubwa na mwokaji tulilijua hilo. Kukaa kitini na kupokea pole za wapita njia, hicho ndicho alichokiogopa kuliko maumivu.

Mwokaji alipoondoka, Mama mkubwa alizungumza huku akichambua mchele. "Kuna mashine za kupasulia kuni. Zinakokotwa na gari. Nimeona nyuma ya lori la watu wa barabara."

"Tunaweka akiba ya paa."

"Paa litasubiri. Mabeseni tunayo."

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kuwaendeshea pikapu lao hadi duka la mashine. Nilimkuta Baba mkubwa akivingirisha gogo kwa mguu kulielekea gari, gogo baya, limejisokota, lina mafundo kama ngumi. Tulilipandisha mimi na Mama mkubwa, likafunikwa gunia.

"La nini hili?" niliuliza.

"Utanunuaje kiatu bila mguu?"

Dukani, kijana muuzaji alitupokea kwa bashasha. Alitupeleka moja kwa moja kwenye mashine kubwa kuliko zote, nyekundu, akaipigapiga kama anayemsifu ng'ombe.

"Mzee, hii haina mpinzani. Itapasua chochote."

"Ipasue hili," Baba mkubwa akasema, akafunua gunia.

Kijana alilinyanyua gogo hadi juu ya boriti ya mashine, mishipa ikamtoka shingoni. Injini ikanguruma, kabari ikasogea polepole, gogo likalia, likaachana vipande viwili. Kijana akatabasamu.

"Vizuri sana," Baba mkubwa akasema. "Sasa utakuwa unakuja kwangu kila asubuhi kuninyanyulia?"

Kijana akacheka, kisha akaona kwamba mzee hacheki. Akatuonyesha ndogo ya umeme. Baba mkubwa aliuliza kama kule miti inakoangukia kuna tundu la umeme. Akasogea mwenyewe hadi ya tatu, iliyosimamishwa pembeni, ya kijani, yenye magurudumu mawili na mkono wa kufungia nyuma ya gari.

"Hii inasimama?"

"Inafanyaje, mzee?"

"Mimi sinyanyui tena. Kama na yenyewe haisimami, nani ataninyanyulia gogo?"

Kijana alichomoa pini, akaisukuma boriti, nayo ikasimama wima, kisahani chake cha kuwekea gogo kikakaa chini kabisa. Gogo lingevingirishwa hadi pale, bila kunyanyuliwa na mtu. Baba mkubwa aliizunguka. Alibonyeza matairi kwa kidole gumba. Alishika pini, akaona imefungwa kwa mnyororo mwembamba isipotee, akaguna kwa kuridhika. Mwisho alisimama mahali pa kazi, akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, na wenzo wa kuendeshea kabari ukawa palepale, kama kitasa cha mlango wa nyumbani kwako gizani.

"Hii," akasema.

Mama mkubwa alikuwa akikagua minyororo ya kufungia kwenye gari. "Ifungwe yote miwili," alimwambia kijana. "Huyu mume ninaye mmoja."

Ningependa kusema kwamba mambo yalikwenda sawa tangu hapo. Asubuhi ya kwanza Baba mkubwa aliwasha injini kabla ya kitu chochote. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Alivingirisha, akavuta wenzo, kabari ikashuka, kuni zikaanguka kulia na kushoto, na uso wake ukawa wa mtoto aliyepewa baiskeli. Alifanya kazi kama anayelipiza kisasi. Hakugonga gogo hata moja. Utagongaje, na utasikia nini katika ngurumo ile?

Gogo lililotoka nyuma ya zahanati lilikuwa na kulabu ndani. Kabari iliigusa, mashine ikapiga yowe, na kipande cha mti kikafyatuka, kikapita uani na kugonga mlango wa jikoni kwa kishindo.

Mama mkubwa alitoka na birika. Baba mkubwa alizima injini.

"Chai iko wapi?" akauliza.

"Chai? Umebisha hodi?" Sauti yake ilipasuka. "Nimekaa na birika mkononi nangojea hodi. Nasikia dude tu linanguruma. Ukianguka humo ndani ya kelele, nitajua saa ngapi? Kwa miaka yote nakusikiliza, mume wangu. Ulidhani naitikia gogo?"

Baba mkubwa aliokota kulabu, akaitazama, akaitia mfukoni. Kisha akaifunika mashine kwa turubai na kuingia ndani. Siku hiyo hazikupasuliwa kuni nyingine, wala iliyofuata. Alikaa kitini, wapita njia wakampa pole, na kila pole ilimshusha kidogo. Alikuwa ameogopa. Kama sikio lake halina kazi tena, aliniambia, basi yeye amekuwa mtu wa kuvuta chuma tu, na hata chuma chenyewe kimetaka kumuua mkewe.

Mwokaji alipita, akaona turubai, akatoa simu. "Basi niwapigie wa gesi?"

"Ngoja," Mama mkubwa akasema kutoka mlangoni.

Tulisikia kabati likifunguliwa na vikombe vya wageni vikigongana. Alitoka na shoka, akalipeleka hadi kitini, akamwekea mumewe mpini katika mkono wa kushoto.

"La kugongea tu. Ukilinyanyua kupita kiuno, nalirudisha kwa vikombe."

Baba mkubwa alisimama. Aliondoa turubai. Alikwenda kwenye magogo yaliyongoja, akaanza kuyagonga moja moja, injini ikiwa imezimwa, akitega sikio, mengine akiyasukuma kando kwa mguu, mengine akiyavingirisha upande wa mashine. Mwokaji alishika simu yake bila kubonyeza. Alipoyamaliza yote, alirudi kwenye la kwanza.

"Hodi!"

"Karibu!"

Ndipo akawasha.

"Haya," mwokaji akasema akirudisha simu mfukoni, "jogoo sasa anakunywa petroli."

Ikawa hivyo kwa miaka mingi: kwanza kimya, kugonga, hodi, kisha ngurumo. Tulizoea kuamshwa na injini, lakini waliokuwa na usingizi mwepesi waliamshwa na yale maneno mawili yaliyotangulia.

Mama mkubwa alitutoka kabla ya mumewe, msimu wa mvua, paa likiwa jipya tayari. Siku hizi mashine inaendeshwa na binti yao, dada yangu, mwenye pikapu lake mwenyewe na mabega ya baba yake. Tanuri la kona bado linakula kuni. Nilipolala kwao mara ya mwisho niliamka mapema, nikaenda jikoni kutafuta maji ya kunywa. Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mkewe, kando ya jiko, birika mkononi. Juu ya dirisha, kulabu ile ilikuwa imening'iniza kitambaa cha vyombo.

Nilitaka kumsalimu. Aliinua kidole ninyamaze.

Nje, kisogo cha shoka kiligonga gogo baada ya gogo. Moja Baba mkubwa alilikunjia uso, na nje nikasikia likisukumwa kando. Kisha sauti ya dada yangu: "Hodi!"

"Karibu, mama," Baba mkubwa akasema, na akateleka chai.