Kusukwa Kimya

Mtaa mzima wa Mapendo, hapa Goma, unajua: ukitaka rasta za haraka, usiende kwa Mama Alliance. Saloni yake ni ya mbao, imekaa juu ya mawe meusi, ina viti vitatu na kioo kimoja, na mwenye kioo hicho hasuki mtu bila kumsomea kitabu. Anakiegemeza kwenye kioo, vidole vinakwenda na nywele, macho yanakwenda na maandishi. Kifaransa kinaingia machoni, Kiswahili kinatoka mdomoni. Aliyekaa kitini kazi yake ni kufungua ukurasa kila anapoguswa bega. Wateja tunalalamika kwamba tunapoteza siku nzima, na tunarudi vilevile.

Alikuja kutoka Butembo akiwa mjane, na mtoto mmoja mgongoni. Mtoto huyo, Apolline, alimlea kwa vidole hivyo hivyo. Sasa Apolline ni msichana mkubwa, mzuri hadi anaudhi, na amepata bwana mmoja wa Himbi, kwenye mitaa ya matajiri, mwenye magari, mwenye mke, aliyemwahidi nyumba yenye geti. Sharti lake dogo tu: asitoke ovyo, asilete watu. Kwetu mke wa nje namna hiyo tunamwita deuxième bureau. Mama alimkanya hadi sauti ikamkauka, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Jumamosi ya kuhamia ikafika. Shofere wa bwana angemfuata jioni, na binti akaja kusukwa na mama yake, maana hakuna mwingine Goma nzima ambaye angemkabidhi kichwa chake. Mama Alliance hakugombana. Alimkalisha, akaegemeza kitabu kipya kwenye kioo.

Kilikuwa kitabu cha maisha ya Olive, hawara wa rais mmoja wa kijeshi wa nchi ya mbali. Mtego niliuona palepale, kwa sababu mtu mwenye rasta nusu kichwa hawezi kukimbia.

Ila mtego ulianza kwa kunasa ndege wengine, maana kurasa za mwanzo zilijaa zawadi za rais: ndege ya kurukia, viatu, mkufu wa dhahabu.

“Ndege yake yeye mwenyewe? Yesu wangu!” Joyeuse, anayeuza viatu, alisimama kabisa. “Na viatu? Soma tena pale pa viatu.”

“Ni malaya tu,” alisema Mama Jeanine wa kwaya. “Alikula franga ya batu.”

“Hata weye ungekula,” Joyeuse alimjibu.

Nami nisijifanye mtakatifu. Nauza jibini la Masisi, na mume wangu hajaninunulia hata kandambili tangu harusi. Mkufu wa Olive niliutamani hadi mate yakanijaa. Apolline akawa anatabasamu kwenye kioo, na vidole vya mama yake vikazidi kukaza.

“Mama, unanivuta!”

Mama Alliance akamgusa bega, ukurasa ukafunguliwa. Hapo ndipo tulipokutana na msusi wa Olive. Aliletwa ikulu katikati ya askari, akakatazwa kusema neno, na Olive naye akakatazwa kumwuliza neno. Kwa miaka mingi mikono ile ilishika kichwa cha Olive, naye hakuwahi kujua kama mwenye mikono ana watoto.

“Uongo!” Joyeuse alikaa chini. “Kusukwa kimya? Siku muzima?”

“Kitabu njo kinasema vile,” alijibu Mama Alliance.

Mama Jeanine, yuleyule aliyemwita malaya, akashusha sauti. “Maskini. Sasa alikuwa anachekaka na nani?”

Apolline akacheka. “Kimya ni kimya tu. Kinaua mutu?”

“Basi tujaribu,” alisema mama yake, akafunika kitabu. “Hakuna mutu anaongea mpaka nimalize huu upande.”

Kwa mara ya kwanza nikasikia kitana cha saloni ile kikipita kwenye nywele. Joyeuse aliuma kitenge chake. Mimi nilikuwa na umbea mbichi kutoka Kibumba, ukaniwasha ulimi. Mama Alliance alitazama nywele tu, kana kwamba ni za mgeni. Apolline alianza kwa kutabasamu. Kisha akayatafuta macho ya mama yake kwenye kioo, asiyapate. Akainua mkono, akamshika vidole. Vidole vikajitoa taratibu, vikaendelea na kazi.

Upande ule haukuisha kabla Apolline hajavunja kimya.

“Mama, ongea.”

Kitana kikapita tena.

“Ongea na miye, mama. Hata unitukane.”

“Nikutukane juu ya nini, mutoto yangu?” Sauti yake ikakatika, nami nikaona uchungu wa kumlilia mtu angali hai mbele yako. Kisha akamtukana kweli, vizuri kabisa, tukamsaidia wote, nami nikautoa umbea wangu wa Kibumba, na saloni ikarudi kuwa saloni.

Jioni honi ikalia nje. Rasta zilikuwa zimekwisha, zinang’aa, zimefika kiunoni. Apolline alisimama, akajitazama. Mama yake alikusanya vitana vyake asimshike hata nguo. Shofere akachungulia mlangoni.

“Mademoiselle, patron anangojea.”

“Mwambie sijamaliza.”

Shofere alitazama kichwa kile, akatutazama sisi. “Lakini nywele imeisha.”

“Nywele imeisha, papa. Kitabu njo bado.”

Akarudi kitini, akakiegemeza kitabu kwenye kioo, akafungua ukurasa bila kuguswa bega.